Jibu: Barua ya kuomba wakutubi na vitabu, maktaba ya mkoa Moshi

Salaam mkuu. Unauliza barua uipeleke halmashauri au wapi. Halmashauri watakurudisha tu, maktaba ya mkoa si ya kwao. Ni ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, chini ya Wizara ya Elimu, kwa Sheria Na. 6 ya 1975.

Kwanza tenganisha maombi. Ya vitabu, mwandikie mkutubi wa mkoa, nakala kwa Mkurugenzi Mkuu wa Bodi, Dar es Salaam. Kama una vya kuchangia, ambatisha orodha: jina, mwaka, idadi, hali. Vya mtaala wa zamani huishia stoo.

Watumishi ndiyo kazi yenyewe. Mkurugenzi haajiri kwa kupenda. Kibali hutoka Ofisi ya Rais, Utumishi, na usaili huendeshwa na Sekretarieti ya Ajira. Kwa hiyo usiandike "tuleteeni watu watatu". Andika saa na huduma zinazokwama kwa kukosa mtu, maana hayo ndiyo yanayosaidia kutetea nafasi kwenye ikama, yaani idadi ya watumishi inayoidhinishwa kwa taasisi.

Angalia na kalenda: mwaka wa fedha huanza Julai 1, na bajeti za wizara hujadiliwa bungeni kuanzia Aprili. Barua ya Mei imeshachelewa; ifike kabla ya Desemba.

Ingekuwa maktaba ya sekondari ya kata, hapo sawa, nenda halmashauri.