Hatukufika Annapurna

Wiki iliyopita mume wangu aliweka mtandaoni picha yetu ya Oktoba 2023. Tumekumbatiana, tumevaa majaketi ya mitumba ya soko la Memorial, nyuma yetu mlima wa theluji unawaka rangi ya chungwa. Chini yake akaandika: "Annapurna na malkia wangu. Hakuna kinachoshindikana." Pongezi zikamiminika. Usiku huohuo msomaji wangu mmoja anayefunga ndoa Juni akaniandikia: "Dada, na sisi fungate tunataka Nepal, tufike kambi ya Annapurna kama nyie. Mlifanyaje? Nipe siri."

Mdogo wangu, siri ni kwamba hatukufika.

Huo mlima si Annapurna, ni Machhapuchhre. Picha ilipigwa mita 3,700 juu ya usawa wa bahari, saa mbili za kutembea kabla ya kambi yenyewe, ambayo iko mita 4,130. Pembeni palikuwa na kibao chenye jina la mahali. Kimekatwa. Muda wote huu nimenyamaza kwa sababu mke hamwaniki mumewe, lakini kama kuna mtu anapanga fungate kwa kuitazama picha ile, acha niseme. Nimemwomba ruhusa mwenyewe. Amesema, "Andika, ila usitie chumvi."

Mimi ni mtu wa Tanga, milima nilizoea kuiona kwenye dirisha la basi. Yeye ni wa Marangu, ndiyo maana namwita Mangi. Kilimanjaro kaipanda mara tatu, na ya tatu tulikuwa wote, Desemba 9, nikafika Uhuru, mita 5,895, machozi na kamasi vimeganda usoni. Cheti ninacho, kiko ukutani sebuleni. Nalitaja hili mapema maana wapo ndugu wanaoamini tulirudi njiani kwa sababu ya mwanamke wa pwani.

Sasa mtu aliyesimama mita 5,895 ukimwambia anakwenda kambi ya mita 4,130, anacheka. Mangi alianza kucheka tukiwa bado Dar es Salaam.

Kwenye ndege ya kutoka Doha tulikuwa kama wageni ndani ya harusi ya watu. Karibu abiria wote walikuwa vijana wa Kinepali wanaofanya kazi Ghuba, wanarudi nyumbani kwa sikukuu ya Dashain. Jirani yangu alikuwa hajamwona mwanawe miaka mitatu. Kwa upole tu akauliza kama Tanzania kuna milima. Mangi akatoa simu, na maskini yule kaka akaonyeshwa Kilimanjaro, geti hadi kilele, mpaka tunafunga mikanda ya kutua.

Viza mnapata uwanjani Kathmandu: dola 30 kwa siku 15, dola 50 kwa siku 30, bebeni taslimu. Kadi ya homa ya manjano msiiache nyumbani. Saa zao ziko mbele ya zetu kwa saa mbili na dakika 45, si saa tatu. Mangi alikataa habari za robo, akasogeza saa yake mbele saa tatu kamili, na safari nzima tukawa tunawahi kila mahali dakika kumi na tano huku yeye akilalamika kwamba Wanepali wanachelewa. Kalenda yao nayo ilisoma mwaka 2080. Nilipenda sana hilo. Nilimpigia mama nikamwambia naongea kutoka mbele.

Kathmandu yenyewe sitaisimulia, maana nusu yake niliitumia nje ya mlango wa choo. Mangi alikula momo za barabarani, vile vifurushi vya unga vyenye nyama au mboga ndani vinavyopikwa kwa mvuke, sahani tatu, tumbo likamwendesha siku nzima, na siku hiyo ikatoka kwenye ratiba. Ikumbukeni siku hiyo.

Kwenda Pokhara ni kilomita kama 200, ila barabara ilikuwa inapanuliwa. Tuliondoka asubuhi tukafika jioni, vumbi hadi kwenye kope. Ndege ipo na ni mwendo mfupi sana, lakini Januari mwaka ule ndege ilikuwa imeanguka Pokhara na kuua watu 72, na mama yangu alikuwa ameshanipigia kuniapisha.

Ile nchi inakukaribisha, hilo niliseme kwa haki. Mwongozaji wetu (tangu Aprili 2023 serikali yao inataka mgeni apande na mwongozaji, na kibali cha hifadhi ya Annapurna ni rupia 3,000) alikuwa kijana wa Kigurung, kabila la milima ile, mdogo kuliko sisi. Tangu dakika ya kwanza hakuniita madam. Aliniita didi, yaani dada mkubwa, na Mangi yeye akaitwa dai, kaka. Nani kati yetu hajui heshima ya namna hiyo? Nikamwita bhai, mdogo wangu, na mambo yakaisha.

Kijijini Ghandruk, usiku wa kwanza wa kutembea, mama mwenye gesti aliona tunavyokula wali na dengu kwa mkono, bila kijiko, akafurahi akatuita jikoni. Alikuwa anasonga dhido. Jamani, ni ugali! Unga wa ulezi, maji yanachemka, mwiko wa mti, na mkono uleule wa kuzungusha sufuria. Unaukata tonge, unachovya kwenye mchuzi wa majani yaliyochachushwa. Nikaomba mwiko, nikasonga, na yule mama akacheka mpaka akakaa chini. Tangu tuoane sijamwona Mangi ametulia kama usiku ule. Laiti safari ingekuwa Ghandruk tu.

Wapagazi wao hawabebi kichwani kama wetu. Wanabeba kapu kubwa mgongoni, kamba yake imepita kwenye paji la uso, shingo ndiyo inayovuta. Kila soda na kila mtungi wa gesi unaoukuta kule juu umepanda hivyo, ndiyo maana kadiri unavyopanda bei nazo zinapanda. Msibishane nao kwa kikombe cha chai.

Sasa ile siku iliyopotea. Tulifunga ndoa Oktoba 16, 2021, na Mangi alitaka mapambazuko ya Oktoba 16 yatukute kambini, tupige picha ya miaka miwili. Bhai alikuwa ametupangia kufika tarehe 17. Akasema kwa adabu, "Dai, bistarai, bistarai." Maana yake polepole. Mangi akamjibu, "Kijana, pole pole ni neno letu. Dunia nzima imejifunza kwetu."

Nilicheka. Naomba liandikwe kwamba na mimi nilicheka.

Basi siku ya pili tukaunganisha siku mbili. Chhomrong ina ngazi za mawe ambazo unashuka hadi mtoni, halafu unazipanda tena upande wa pili, magoti yanakutukana. Kuanzia maeneo yale nyama haipandishwi juu, bonde linahesabiwa ni takatifu, na Mchagga wangu akawa anahesabu siku alizokaa bila mbuzi. Tukalala Bamboo, kama mita 2,300. Kesho yake tulipaswa kulala Deurali, mita 3,200 hivi. Tulifika Deurali mchana, Mangi hakuvua hata begi. Tukaendelea mpaka kambi ya Machhapuchhre, mita 3,700. Jumla mita 1,400 kwa siku moja, na mtu mwenyewe ametoka kuharisha juzijuzi na maji hanywi kwa sababu hataki kwenda haja kwenye baridi.

Kanuni ambayo kila mtu wa milimani anaijua, na Mangi aliniambia mwenyewe tukiwa Kilimanjaro, ni kwamba ukishavuka mita 3,000 usipandishe kitanda chako zaidi ya mita 500 kwa siku. Kilimanjaro, kwa njia ya Marangu, tulilala siku mbili kambi ya Horombo, mita 3,720, ili mwili uzoee. Karibu urefu uleule! Pale alikuwa anaimba. Mlima hauangalii cheti chako, unaangalia umefikaje.

Picha ile ilipigwa jioni, jua linazama. Ukiikuza utaona macho yake yamevimba.

Saa mbili usiku kichwa. Saa nne akatapika. Saa saba aliniomba nimvalishe viatu akajisaidie, nikamkuta kiatu cha kulia kakibana mguu wa kushoto na anabishana nacho. Nikamwita bhai. Akamwambia atembee ukumbini kisigino kwa kidole, kama trafiki anavyompima mlevi. Hatua ya tatu akaegemea ukuta. Kile kifaa cha kubana kidole kikasoma oksijeni asilimia 71. Bhai hakuniangalia mimi wala yeye. Alianza kufunga mabegi, akasema tu, "Didi, tunashuka sasa hivi."

Saa kumi alfajiri, tukiwa mlangoni na tochi za kichwani, kundi la Wakorea lilikuwa linaondoka kwenda kambini na mwongozaji wao, rafiki wa bhai. Bhai akaninong'oneza: nikitaka naweza kwenda nao, saa mbili tu, nione jua, kisha nishuke niwakute Deurali. Wapagazi wawili wangesaidia kumshika Mangi. Nilimtazama mume wangu. Akanishika mkono wa jaketi, akasema, "Usiniache."

Nikashuka.

Nimeshalia kuhusu hili na sitalia tena hapa. Anga lilikuwa safi, hakuna hata wingu moja. Kila nikigeuka naona taa ndogondogo za Wakorea zinapanda, na mimi nashuka na mwanaume mzima begani, Oktoba 16, siku yetu.

Njiani bhai alijaribu kunipoza. Akaniambia Machhapuchhre, mita 6,993, jina lake ni mkia wa samaki, ni mlima wa Shiva, mungu wa Wahindu, na hauruhusiwi kupandwa. Mwaka 1957 Waingereza wawili, Wilfrid Noyce na David Cox, walifika mita kama 50 chini ya kilele wakageuka, na tangu hapo haujawahi kufunguliwa. Yaani tulikuwa tumelala kwenye kambi ya mlima usiopandwa na mtu. Ni hadithi nzuri. Nilimwambia, "Bhai, sio leo."

Kufika Dovan, mita 2,600 hivi, mtu wangu akaomba supu ya vitunguu saumu. Akaimaliza. Akaomba wali. Saa sita mchana anataniana na wapishi kana kwamba usiku alilala Hilton. Ugonjwa wa mwinuko ndivyo ulivyo, ukishushwa mapema unaweza kuisha mbele ya macho yako, na ukicheleweshwa unaua. Hilo nalijua. Nilishukuru Mungu, na nikamchukia kidogo, vyote kwa wakati mmoja.

Kilichoniuma hasa si mlima. Tukiwa Pokhara, Mjerumani mmoja akamuuliza kama tulifika, akajibu, "Hali ya hewa ilitugeuza." Hali ya hewa! Nyumbani Marangu ikawa "mke wangu alichoka kidogo." Na mwaka huu ikawa "hakuna kinachoshindikana."

Kwa hiyo, mdogo wangu, ushauri ulioomba. Nendeni polepole. Siku za ziada wekeni mbili, na msizitumie kwa sherehe. Bima isome mpaka mwisho uone inaishia mita ngapi, maana nyingi haziwafuati wapanda milima huko juu, na helikopta si bodaboda. Nendeni polepole, narudia.

Lakini mnaojiita wachumba, kaeni kikao kabla ya kukata tiketi. Ulizaneni: mmoja akiumwa, mwingine afanye nini? Jibuni mkiwa sebuleni, na hewa ya kutosha, msingoje saa kumi alfajiri. Mwanamke, shika pasi yako mwenyewe. Mimi yangu ilikuwa kwenye begi lake, fedha zote pia, dola 30 za siku za mwongozaji nilikuwa naziomba kama mtoto anayeomba ya andazi. Hata kama ningetaka kwenda na wale Wakorea, ningekwenda na nini? Mwanaume naye, ukiambiwa polepole na mtoto wa mlima, nyamaza. Tunafundishwa mke mwema ni yule anayeshuka na mumewe. Sawa, nilishuka, na ningeshuka tena. Ila basi na mume mwema aseme kwa mdomo wake, mbele za watu, kwamba mke wangu alishuka kwa ajili yangu. Sentensi moja tu hiyo. Nimeingoja tangu Dovan.

Umeuliza pia kama muende. Nendeni. Oktoba, anga likiwa limeoshwa na mvua. Mkifika Ghandruk ombeni dhido, mama anaweza kuwauliza kama mnamjua dada aliyemnyang'anya mwiko.

Mimi nina kibubu nyuma ya mapipa ya mchele tangu Januari mwaka jana. Juzi Mangi alikuwa anatafuta mtego wa panya akakiona. Akakitikisa, akakirudisha. Usiku tukiwa tunakula akauliza, bila kuniangalia, kama humo ndani mna tiketi moja au mbili. Nimemwambia bado nahesabu.