Usijioshe miguu kwa mashine ya presha

Masika yakiisha, pevingi za uani kwetu hugeuka kijani na kuteleza vibaya. Ndiyo maana nilinunua mashine ya presha, ya aina ile ile ya kuoshea magari. Kazi yake naisifu mpaka leo. Ninachoandika hapa ni kwa sababu ya mguu wa mdogo wangu.

Alikuwa amemaliza kuosha, tope limemrukia mpaka magotini, kavaa ndala. Akaielekeza bunduki ya mashine, ule mkono wa kurushia maji, miguuni ajisafishe, kama wafanyavyo vijana wengi kwenye kuosha magari. Sekunde moja tu. Nyuma ya kidole gumba kikabaki kitundu kama kang'atwa na siafu, damu tone moja. Zahanati ya jirani wakapaka dawa, wakabandika plasta, wakamruhusu. Usiku mguu ukavimba, ngozi ikakaza mpaka inang'aa, vidole havikunjiki. Asubuhi hospitali walimwingiza chumba cha upasuaji bila kuchelewa. Daktari alitueleza kwamba maji yalipenya ngozi yakasambaa ndani pamoja na uchafu, na jeraha la namna hiyo halitakiwi kulala usiku kucha bila kutibiwa.

Tairi la gari dogo hujazwa upepo wa PSI (kipimo cha presha) 30 hivi. Mashine ndogo ya nyumbani husukuma maji kwa PSI 1,500 na kuendelea. Kwa hiyo yakikuchoma, hata kitundu kiwe cha sindano, nenda hospitali yenye daktari wa upasuaji saa hiyo hiyo, na utamke wazi kuwa ni maji ya presha. Ukiambiwa ni mchubuko tu, bishana.

Siku hizi hakuna anayeshika mashine kwetu bila mabuti ya mvua, suruali ndefu na miwani, maana kokoto inaruka kama risasi. Watoto wanabaki ndani. Kichwa chekundu cha bunduki, kinachotoa maji kwa mstari mmoja, nimekifungia kabatini. Cheupe kinachotawanya maji kinatosha kwa pevingi na gari, ukianzia mbali na kusogea taratibu. Ukikaribia mno, mchanga wa kati ya pevingi unatoka wote, na rangi ya ukuta inabanduka.

Umeme nao. Wengi tunaunga waya kwa ekstensheni, kisha kiungo kinalala kwenye maji, eti kimefungwa nailoni. Nailoni haizuii kitu. Kiungo kiwe mahali pakavu, juu ya ardhi, na nyumba iwe na swichi ya kukata umeme unapovuja. Kama mashine yako ni ya petroli, usiiwashe ndani ya gereji hata mlango ukiwa wazi. Moshi wake unaua.

Ukishazima mashine na kufunga bomba, presha bado imo kwenye mpira. Elekeza bunduki chini, mbali na miguu, bonyeza mpaka maji yakome na mpira ulegee, kisha uifunge kwa loki yake. Usiiweke chini kabla ya hapo, maana mtoto wa kwanza kupita ataiokota.