Treni ya uani: kutoka umeme wa reli hadi betri

SWALI: Mhariri, salamu. Treni yangu ya mfano, ya reli za shaba zilizoachana kwa milimita 45, husimamasimama uani. Je, naweza kuiendesha kwa betri na rimoti? Msomaji, Likoni.

JIBU: Waweza, ndugu msomaji, na kwa mji wa pwani kama Mombasa ndiyo njia ninayoipendelea, kwani hewa ya chumvi hufubaza reli za shaba na kuzuia umeme usifike kwenye magurudumu. Kwanza kata nyaya zote zinazounganisha magurudumu na mota, kisha betri ipitie fyuzi na swichi hadi kwenye kidhibiti mwendo chenye kipokezi cha redio. Seli nne za lithiamu-ioni zikiunganishwa mfululizo hutoa takriban volti 14.8, na zikijaa hufika 16.8. Pima ampea zinazotumiwa na mota inapozuiwa isizunguke, maana kidhibiti kisichozimudu kitaungua. Bodi ya kinga ya betri na chaja ya lithiamu ni lazima, wala usichaji treni iliyotoka juani, kwa kuwa seli nyingi za aina hii hazifai kuchajiwa zikizidi nyuzi 45 za Selsiasi. Kichwa kikikosa nafasi, betri ikae katika behewa linalofuata.