Vigodoro vinanuka mkojo, nitupe vyote?

SWALI: Shikamoo shangazi. Nina kituo kidogo cha kulelea watoto mchana hapa hapa nyumbani kwangu, watoto 11, wengi wana miaka miwili mpaka minne. Wakishakula mchana wanalala kwenye vigodoro vya sponji vyenye kitambaa tu juu, nilivinunua mwaka juzi, na sa hivi vinanuka mkojo hatari. Nikianika juani harufu inapotea, ila mtoto akilala akatoa jasho kidogo tu inarudi pale pale. Juzi mzazi kaja kumchukua mwanae akamnusa kichwa mbele yangu, hakusema kitu ila nilielewa. Nimemwagia jiki, nimeweka magadi, nimepuliza mpaka pafyumu. Nitupe vyote au kuna dawa? Hela ya kununua vyote kwa mkupuo sina. (Mama Wawili, Tabata)

JIBU: Marahaba mwanangu. Pole, hiyo ya kunuswa kichwa bora angekutukana tu ujue moja.

Sasa sikia, sponji ni matundu matupu, mkojo ukimwagika haukai juu unashuka mpaka katikati, we unafuta juu unaanika, maji yanakauka lakini zile chumvichumvi za mkojo zimebaki humo ndani zinasubiri unyevu, jasho likigusa zinaamka. Ndo mana jua linakudanganya. Na jiki kwenye sponji acha kabisa, inaikausha sponji inakuwa ya njano inaanza kumeguka, halafu jiki ikikutana na mkojo inatoa mvuke unaochoma macho na kifua. Pafyumu nayo ukiwa na mtoto mwenye pumu umejitafutia kesi.

Kwahiyo leo jioni watoto wakishaondoka, vua vitambaa vyote, chukua kimoja kimoja, bonyeza katikati kwa ngumi halafu weka pua. Kilichonuka mpaka ndani hakiokoki, hata ukifua na nini. Kilichobonyea kisirudi juu nacho kimekufa, mtoto analala kwenye sakafu tu sema hujui. Nina uhakika hutokuta vyote vimeharibika, watoto wanaokojoa kila siku unawajua ni wale wale, na vya wale wakubwa vingi vitakuwa vizima. Hivyo vizima ndo vya kuwahi kuviokoa, na hela yako peleka kwenye kava sio kwenye sponji.

Kava namaanisha leza, ile kama ya siti za daladala. Nenda kwa mafundi sofa, Keko wapo kibao, ila usichukue ile laini ya bei rahisi inayobanduka magamba baada ya miezi michache. Kunja kona yake, ikwaruze na kucha, ikiacha alama nyeupe au ikitoka ngozi mrudishie mwenyewe. Fundi mwambie juu asipitishe mshono wowote, wanapenda kuweka urembo wa maua maua pale katikati na kila tundu la sindano ni mlango wa mkojo. Mishono yote ikae pembeni, zipu iwe chini na iwe na kifuniko chake. Upande wa juu rangi moja, wa chini rangi nyingine, hapo hata dada wa kazi akiwa na haraka hawezi kulaza mtoto kwenye upande uliokuwa sakafuni jana.

Vya kununua upya: godoro jembamba la futi 4 kwa 6 ukilikata kwa upana unapata vitatu vya futi 2 kwa 4, na mtoto wa miaka minne anatosha hapo. Inchi 2 zinatosha ila iwe sponji ngumu. Anza na wale wakojozi, wengine wasubiri mwezi ujao. Leza peke yake na joto letu hili mtoto atanata, kwahiyo kila mmoja aje na kanga yake ya kutandika, ijumaa inarudi kwao kufuliwa. Na kila kigodoro andika jina kwa maka peni, habari ya leo kalala huku kesho kule ndo mapunye yanavyozunguka darasa zima.

Usafi wa hiyo leza ni sabuni na maji kwanza, mkojo utoke wote, ndo uje na jiki. Kama chupa imeandikwa asilimia 3.5, kijiko kimoja cha chakula kwa nusu lita ya maji, pakaa, subiri dakika 10, futa kwa maji safi, acha ikauke kabla hujapanga. Changanya ya siku hiyo hiyo tu, ya jana haina nguvu tena. Masika ndo balaa, usipange vigodoro vibichi ukutani hata kama chumba ni kidogo, ukungu unaanzia nyuma kule usikoona, ukija kushtuka ni madoa meusi.

Yale masponji mabovu usimpe jirani ashonee mito, na usichome uani, moshi wake ni sumu. Peleka na takataka. Habari ya wazazi kuchangia katikati ya mwaka mi siipendi, watasema umeishiwa, weka ela ya kigodoro kwenye malipo ya kuanza, mtoto mpya analipa siku anayoandikishwa.

SWALI: Shangazi, napokea na wachanga, wa miezi minne hivi. Mama yake ananiletea mto na blanketi zito anasema mtoto kazoea, nimlaze kwenye hivi vigodoro na wenzie? (Dada wa Mbagala)

JIBU: Hapana mdogo wangu, na mama akikasirika akasirike. Chini ya mwaka mmoja alale chali, sehemu ngumu iliyonyooka, bila mto, bila blanketi wala midoli, mana akigeuza uso kwenye kitu laini hana nguvu ya kujitoa na hatolia ukasikia. Mvalishe nguo inayotosha basi. Na asilale katikati ya wakubwa, mguu mmoja wa mtoto wa miaka mitatu ukimuangukia puani ni habari nyingine. Mpe kitanda chake chenye uzio, na uwe unamuona.

SWALI: Kuna mtoto kaja na upele, anajikuna usiku kucha mama yake anasema. Nichome kigodoro chake? (Bila jina, Morogoro)

JIBU: Usichome kitu. Mdudu wa upele akitoka mwilini anaishi siku mbili tatu hivi bas. Kanga na nguo zake chemsha, anika, piga pasi. Kigodoro kama kina leza osha kwa sabuni ukiweke pembeni, kama ni sponji tupu kifunge kwenye mfuko wa plastiki wiki nzima. Mtoto apelekwe kituo cha afya na nyumba nzima yao itibiwe siku moja, mana akitibiwa peke yake anaupata tena nyumbani anakuletea wewe. Waliokuwa wanalala karibu nae waangalie katikati ya vidole na viwikoni. Na kuanzia sasa hivi acha nafasi kati ya vigodoro, hatua moja ya mtu mzima hivi, chumba kikibana walaze mzungu wa nne wasipumuliane.