Alitoa siri, hakukumbwa na changamoto

Swali: Nimesoma gazetini kwamba mshauri nasaha mmoja "alikumbwa na changamoto ya kimaadili" baada ya kumsimulia mume mambo aliyoambiwa na mkewe faraghani. Je, sahihi ni "kimaadili" au "kiuadilifu"?

Jibu: Ni kimaadili. Asili ya maneno yote mawili ni Kiarabu, kwenye mzizi wenye maana ya haki. Maadili ni kanuni za mwenendo, uadilifu ni sifa ya mtu anayezishika. Hapo hapana ubishi.

Kinachonikera ni hayo maneno mengine. Watu hukumbwa na mafuriko, njaa, kipindupindu. Huyu hakukumbwa na kitu; alifungua kinywa mwenyewe. Sentensi imemfanya yeye ndiye aliyepatwa na balaa, na yule mama aliyemwamini haonekani popote ndani yake!

Changamoto nayo lilikuwa jambo la kukuchochea ujitahidi. Leo maji yakikatika ni changamoto, rushwa ni changamoto, na sasa hata kumsaliti mteja ni changamoto. Nakataa.

Na si kwamba wanasaikolojia hawana mambo magumu ya kimaadili. Mwaka 1969, huko Berkeley, California, mwanafunzi wa chuo kikuu, Prosenjit Poddar, alimweleza mwanasaikolojia wake kuwa anakusudia kuua. Mwanasaikolojia akawaarifu polisi wa chuo; wakamshika, wakamhoji, wakamwachia. Tatiana Tarasoff, aliyekusudiwa, hakuambiwa, wala wazazi wake. Oktoba Poddar akamuua. Mwaka 1976 Mahakama ya Juu ya California iliamua kwamba mtaalamu ana wajibu wa kuchukua hatua za kumlinda mtu anayetishiwa na mteja wake. Utunze siri ya mmoja au uokoe roho ya mwingine? Hilo humkosesha mtu usingizi, na ukiliita changamoto nitakuvumilia, ingawa neno lake hasa lipo: mtanziko.

Lakini mtaalamu akilala na mteja wake, mtanziko uko wapi? Kanuni za Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani zinakataza waziwazi, na hata tiba ikishakwisha zinataka ipite angalau miaka 2, na bado mzigo wa kujieleza unabaki kwake. Andika: amekiuka maadili. Andika: amevunja miiko ya kazi yake. Na huyo wa gazeti lako, mwandishi angeandika tu kwamba alitoa siri za mteja wake kwa mumewe.