Paspoti yangu nimeiua au bado inapumua?

SWALI: Shikamoo Anti. Mimi ni kijana wa Tanga, nauza vipodozi mzigo nachukulia Dar. NIDA nina namba tu kadi sijaiona mpaka leo, basi kila mahali natoa paspoti, benki, gesti, mageti ya maofisi. Mwezi uliopita mlinzi mmoja kanipigia stepla kikaratasi cha mgeni kwenye ukurasa wa ndani, halafu gesti moja dada wa mapokezi aliifungia kabatini akaenda kwao na funguo, basi la alfajiri likaniacha. Na kwa kukaa mfuko wa nyuma imepinda, imevimba vimba. Inaisha Machi, na dada yangu ananiita Muscat Novemba hii. Bado ni halali?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwa tarehe iko hai, kwa safari yako imeshakufa. Oman wanataka iwe na miezi 6 mbele siku unayoingia, na Novemba mpaka Machi hesabu mwenyewe, haifiki. Kwa hiyo hata hilo tundu la stepla tusilililie sana, nenda Uhamiaji kaombe mpya sasa hivi usingoje Oktoba. Hizi za kielektroniki zilipoanza 2018 ada ilikuwa shilingi 150,000, ndo ujue unachompa mlinzi akichezee kina thamani gani.

Hiyo mpya sasa. Angalia ukurasa wa picha, chini kuna mistari miwili ina vimshale vingi vingi hivi <<<, kila mstari una alama 44, mashine ya eapoti inasoma hapo, na ndani kuna chipu. Ukiukwaruza au ukaulowesha, tarehe inaweza kuwa ya miaka minane mbele na kaunta ya ndege wakakugomea vilevile, maana wakikupeleka ukakataliwa huko gharama ya kukurudisha ni yao, faini juu. Kwa hiyo mfuko wa nyuma marufuku, utaikalia. Na usije ukapeleka stesheneri wakaipige laminesheni! Nunua kava la plastiki basi.

Getini toa kadi ya mpiga kura au leseni. Benki wape namba ya NIDA na kidole chako, wanakuona kwenye mfumo, kadi ya nini. Gesti kama huna kingine mwonyeshe paspoti, aandike namba umesimama hapo hapo, akitaka kopi mpe kopi, kisha irudi mkononi. Akisema lazima ilale kabatini mwambie ile ni mali ya serikali wewe umepewa tu uitumie, huna ruhusa ya kuiweka rehani kwa ajili ya kitanda na chandarua. Mimi mwenyewe nimeshabeba begi langu nikahamia gesti ya pili usiku saa nne kwa hilo hilo.

La mwisho, ikikupotea ukatoa taarifa polisi na Uhamiaji, halafu wiki mbili baadaye ukaikuta chini ya godoro, usisafiri nayo. Interpol tangu 2002 wana orodha ya paspoti zilizoripotiwa kupotea au kuibwa, ukifika nayo mpakani namba ikakutwa humo, utakalishwa pembeni uelezee habari za godoro. Irudishe Uhamiaji.