Re: Binti ana C ya KCSE na anataka uuguzi

Dada, umeuliza binti yako anayetaka uuguzi aelekee wapi na C yake ya KCSE, mtihani wa kidato cha nne Kenya. Digrii inadai C+, kwa hivyo hiyo iweke kando. Stashahada ya uuguzi bado iko mezani. Chukueni karatasi ya matokeo mtazame Biolojia kwanza, kisha Kiingereza au Kiswahili, kwa sababu KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, hawaangalii gredi ya jumla peke yake. Maombi hupitia KUCCPS, shirika la serikali linalowapangia wanafunzi vyuo. Kampasi ya KMTC iko hapo hapo Kisumu, ila ajaze na nyingine. Uuguzi hugombaniwa sana. Biolojia ikiwa chini, tafadhali msimrudishe shule kwa kuogopa maneno ya majirani! Chuo cha Sigalagala kule Kakamega kina kozi za ufundi, na HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, hukopesha wanafunzi wa vyuo hivyo pia.